Gredi Imekuja Vibaya: Ulalamike, Ulipie Kusahihishwa Upya, au Urudie Mtihani? Ulinganisho kwa Familia za Mombasa

Siku ya kutangazwa matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, simu za walimu wa Mombasa hulia kutwa nzima. Mzazi wa Likoni anasema binti yake kapewa D+ ya Hisabati, na shuleni hajawahi kushuka chini ya C+. Mzazi wa Nyali, ambaye mwanawe alifanya IGCSE, mtihani wa mtaala wa Uingereza, alikuwa na kilio hicho hicho mwezi Agosti. Wote wanauliza: tukate rufaa? Nami siwezi kuwapa jibu moja, kwa kuwa mitihani yao inaendeshwa na mabaraza tofauti. Muda si mmoja, malipo si mamoja, na hata anachoruhusiwa mtoto kukiona baada ya mtihani ni tofauti kabisa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kinachoniuma ni kuwaona watoto wakipoteza haki yao kwa kuchelewa, na wengine wakipoteza mwaka mzima wakisubiri jibu ambalo hata lingekuja zuri lisingewafikisha wanakotaka. Kwa hivyo kabla hujachagua njia, tuanze na swali ambalo wazazi wengi huliruka.

Kosa lenyewe ni la aina gani?

Kuna kosa la kumbukumbu: alama zimeingizwa vibaya, karatasi moja haikuhesabiwa, somo limebadilishwa, au mtoto amepewa X, yaani hakufanya mtihani, ilhali alikaa chumbani hadi kengele ya mwisho. Kosa la namna hii Wakenya tuliliona waziwazi mwaka 2023. Matokeo ya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yalitangazwa tarehe 23 Novemba, na wazazi wakakuta watoto wao wana alama za Lugha ya Ishara mahali pa Kiswahili. Wengine walipata kwa ujumbe wa simu alama zisizolingana na zile zilizofika shuleni. Hapo hakuna ubishi wa kitaaluma. Mtoto alifanya somo gani, kumbukumbu inasema nini, basi. Malalamiko ya aina hii ndiyo yenye nguvu kuliko yote, na kuyanyamazia ni kumdhulumu mtoto.

Kuna kosa la usahihishaji. Katika KCSE, karatasi ya mtahiniwa hupita kwa wasahihishaji kadhaa, kila mmoja na maswali yake, halafu alama hujumlishwa. Utaratibu huo unasaidia, kwani hakuna mtu mmoja anayeshika hatima ya mtoto mkononi. Lakini pale mikono inapokuwa mingi, ukurasa unaweza kurukwa na hesabu ikapotoka. Katika insha na maswali ya kujieleza, hukumu ya msahihishaji nayo ina nafasi yake.

Na kuna lile ambalo si kosa la mtu. Mtoto aliugua malaria wiki ya mtihani, au alisoma swali akalielewa kinyume, au aliingia na hofu, saa mbili zikampita. Hili linauma sana, lakini hakuna baraza linaloweza kulirekebisha kwa kusahihisha upya. Lililoandikwa ndilo hilo hilo litakalosomwa mara ya pili.

Wazazi huniletea gredi za mock, yaani mtihani wa majaribio, kama ushahidi. Mock inaonyesha uwezo wa mtoto. Haionyeshi alichoandika siku ya mtihani. Ushahidi wenye uzito zaidi ni huu: darasa zima limeanguka katika somo moja kwa namna isiyoeleweka, au mtoto ana gredi ya chini kabisa katika somo ambalo lina alama za mradi zilizotumwa mapema na shule, kama Kilimo au Kompyuta. Hapo kuna harufu ya alama zisizofika au zisizohesabiwa, na mkuu wa shule anaweza kuandika kwa niaba ya wanafunzi wote walioathirika. Barua ya watahiniwa thelathini wa somo moja haisomwi kama barua ya mzazi mmoja mwenye hasira.

KCSE kupitia KNEC

Malalamiko kuhusu matokeo hupokelewa na KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, ndani ya siku 30 tangu matokeo kutangazwa, na hupitia kwa mkuu wa shule. Mzazi kupanda basi la usiku hadi Nairobi akiwa na bahasha mkononi ni kujichosha. Atarudishwa shuleni kwake. Matokeo ya 2023 yalitoka tarehe 8 Januari 2024, na ya 2024 yakatoka tarehe 9 Januari 2025. Maana yake ni kwamba siku hizo 30 zinaangukia wakati ambapo mkuu wa shule ana karo za muhula mpya na wanafunzi wapya wa kupokea. Barua yako ikiwekwa chini ya faili nyingine, ngojangoja huumiza matumbo.

Hivyo ipeleke mwenyewe, wiki ya kwanza. Iwe ukurasa mmoja: jina la mtahiniwa kama lilivyo kwenye usajili, nambari yake ya mtihani, mwaka, somo na nambari ya karatasi kama unaijua, gredi iliyotolewa, na sentensi mbili au tatu za kueleza kwa nini mnaamini kuna kosa. Usiandike historia ya familia. Ambatisha nakala ya matokeo. Karani akiipokea, naye aigonge muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Nakala hiyo yenye muhuri itakuwa na thamani kuliko maneno yote mliyozungumza ofisini.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, nao ni mkubwa. Karatasi ya majibu harudishiwi mtahiniwa, na matokeo ya KCSE huonyesha gredi tu, si alama. Hujui kama mwanao alikosa C kwa alama moja au kwa kumi na moja. Baraza halitangazi mipaka ya gredi ya kila somo. Unaomba kitu kiangaliwe upya bila kukiona, na jibu likija kwamba hakuna mabadiliko, huna cha kulipima nalo. Nadhani hili ni jambo la kupigania kama nchi, kwa sababu mtoto aliyesoma miaka minne ana haki ya kujua alipokosea. Lakini kwa leo ndivyo lilivyo, na ukiomba kusahihishiwa upya unalipia, kwa hivyo usiombe masomo yote kwa pupa.

Piga hesabu ya pointi kwanza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. A ni pointi 12, E ni pointi 1, na jumla ya juu kabisa ni 84. Pointi 39 hadi 45 ni C, na 46 hadi 52 ni C+, ambayo ndiyo mlango wa kozi za digrii.

Chukua karatasi ya matokeo kama hii: Hisabati D+ (4), Kiswahili B (9), Kiingereza C (6), Biolojia C- (5), Kemia C- (5), Historia B- (8), Dini ya Kiislamu B- (8), Fizikia D (3). Masomo saba yanayohesabiwa ni hayo bila Fizikia, na jumla ni 45. Amepata C. Amekosa digrii kwa pointi moja!

Sasa mzazi, kwa uchungu, anakimbilia Fizikia kwa sababu ndiyo D inayochoma macho. Lakini Fizikia haimo kwenye hesabu. Hata ikipanda hadi C-, jumla inabaki 45 ile ile, kwa sababu italingana tu na masomo ya chini yaliyokwisha kuhesabiwa. Inabidi iruke gredi tatu, hadi C, ndipo ilete pointi moja. Wakati huo huo Biolojia ikipanda hatua moja tu, kutoka C- hadi C, au Hisabati kutoka D+ hadi C-, jumla inakuwa 46 na mlango unafunguka. Kwa mtoto huyu, nikiambiwa nichague somo moja la kulipia, nitauliza kwanza mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa Hisabati: nani kati yenu anasadiki kwa dhati kwamba gredi hii si ya mtoto huyu?

Lau jumla ingekuwa 41, ushauri wangu ungebadilika kabisa. Kutoka 41 hadi 46 ni pointi tano, na kutegemea kosa la usahihishaji lilete pointi tano ni kumpa mtoto tumaini la uongo.

Angalia pia kozi, si gredi ya wastani peke yake. Diploma za KMTC, chuo cha mafunzo ya afya chenye kampasi hapa Mombasa, huanzia C, lakini kila kozi ina masharti ya masomo yake. Inawezekana gredi ya wastani inatosha na kinachomzuia mtoto ni somo moja tu. Basi somo hilo ndilo la kuangalia.

Cambridge na Pearson

Shule kadhaa za Mombasa hufuata mtaala wa Uingereza, ambao mitihani yake hutolewa na mabaraza ya Cambridge na Pearson, na huko mambo yako wazi zaidi, japo kwa bei. Malalamiko nako hupitia shuleni, kwa afisa wa mitihani. Mtahiniwa wa kibinafsi hurudi kwenye kituo alikofanyia mtihani. Matokeo ya mtihani wa katikati ya mwaka hutoka Agosti, na dirisha la kuuliza hufungwa Septemba.

Unachagua ngazi. Ya kwanza ni ukaguzi wa hesabu: je, kurasa zote zilisahihishwa, alama zilijumlishwa sawa, ziliingizwa sawa? Ni nafuu, na inafaa unaposhuku kosa la kumbukumbu. Ya pili ni mapitio ya usahihishaji, ambapo msahihishaji mwingine anatazama kama mwongozo wa kusahihisha ulifuatwa. Hatafuti kumwongezea mtoto alama za huruma. Akiona alama iliyotolewa inakubalika kwa mujibu wa mwongozo, anaiacha.

Ninachokithamini zaidi katika mfumo huu ni kwamba unaweza kulipia nakala ya karatasi ya majibu. Miongozo ya kusahihisha na mipaka ya gredi huchapishwa. Mwalimu wa somo anakaa na mtoto, karatasi mezani, mwongozo pembeni, wakihesabu swali kwa swali. Wakiona alama tatu zilizoachwa na mtoto alikosa gredi kwa alama mbili, mnajua mnachokipigania. Wakiona msahihishaji alikuwa mkarimu, mnanyamaza na kuhifadhi pesa zenu.

Kunyamaza huko kuna maana, kwa sababu gredi inaweza kushuka. Ndiyo sababu shule hutaka idhini ya mtahiniwa kwa maandishi kabla ya kutuma ombi. Mtoto aliye alama moja juu ya mpaka wa B hana sababu ya kujihatarisha kwa ndoto ya A iliyo mbali. Gredi ikibadilika baada ya mapitio, ada hurudishwa. Isipobadilika, pauni zako zimekwenda, na kwa thamani ya shilingi ya leo si pesa ya kupuuza.

Ikiwa nafasi ya chuo kikuu inasubiri matokeo, uliza shule kuhusu huduma ya haraka, na hapo sitakulaumu ukiruka hatua ya kununua nakala kwanza. Nje ya hali hiyo, nakala kwanza, mapitio baadaye.

Kwa wale wa IB, mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate, kama wanafunzi wa Aga Khan Academy Mombasa, mantiki inafanana. Matokeo ya mtihani wa Mei hutoka mwanzoni mwa Julai, na mratibu wa IB shuleni ndiye anayetuma ombi, mwisho tarehe 15 Septemba. Hapa pia gredi inaweza kupanda au kushuka, na ada hurudishwa ikibadilika.

Kurudia mtihani

Wapo wanaoona kurudia ni aibu. Mimi naona ni dawa pekee ya lile kosa la tatu nililolitaja, la mtoto aliyeshindwa siku ile kwa sababu zake. Mtahiniwa wa kibinafsi wa KCSE hujisajili kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yake, iwe Mvita, Kisauni, Jomvu, Changamwe, Nyali au Likoni, na hupangiwa kituo. Hakikisha masomo ya sayansi yana kituo chenye maabara ya kufanyia mtihani wa vitendo. Hili huwaponyoka wengi hadi dakika za mwisho.

Gharama si ada ya usajili tu. Kuna mwaka mzima wa kusoma, mara nyingi bila darasa, huku wenzake wakituma picha za kampasi. Mtoto asiyetaka kurudia, ukimlazimisha, atarudia gredi ile ile. Lakini mwenye hamu, ambaye anajua hasa alipoangukia, nimewaona wakipanda.

Mgongano mkubwa uko kwenye tarehe. Usajili wa KCSE hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na hufungwa kabla mtu hajatulia, huku jibu la malalamiko likiwa bado halijafika. Ukiamua kusubiri jibu kwanza ndipo usajili, unaweza kukosa yote mawili. Kwa mtoto mwenye pointi 45, mimi ningelalamika na kusajili kwa pamoja. Kwa mwenye 41 anayetaka digrii kwa dhati, ningesahau malalamiko na kuanza vitabu Februari.

Matokeo yakifutwa, jopo la rufaa na mahakama

Herufi Y kwenye matokeo si gredi mbaya. Ni tuhuma ya udanganyifu, na inashughulikiwa kwa njia nyingine kabisa. Watahiniwa 5,101 wa KCSE ya 2015 walifutiwa matokeo, kwa hivyo si jambo la kufikirika. Mtoto aliyefutiwa bila kosa haombi kusahihishiwa upya. Anadai aelezwe tuhuma na asikilizwe. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya KNEC ya 2012 nayo imeweka jopo la rufaa za mitihani kwa asiyeridhika na uamuzi wa baraza.

Mahakama Kuu ya Mombasa ni hatua ya mwisho, na ni vizuri kujua inachofanya. Majaji huepuka kuketi kama wasahihishaji. Wanauliza kama utaratibu ulifuatwa na kama mtoto alipewa nafasi ya kujieleza. Ukienda kusema insha ya mwanao ilistahili alama kumi na nane badala ya kumi na mbili, umebisha mlango usio wako. Ukienda kusema matokeo yalifutwa na hakuna aliyemwita wala kumwandikia, hapo unasikilizwa. Wakili ni gharama, na kesi haina haraka. Kabla ya huko, kama barua zako hazijibiwi, Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo.

Wauza gredi

Kila msimu wanajitokeza, Telegram na hata vijiweni, wakisema wana mtu ndani ya baraza na kwa elfu kadhaa D itageuka B. Wanajua kwamba mzazi mwenye uchungu hana subira. Hawabadilishi chochote. Wakichukua pesa ya kwanza huomba ya pili, "ya kufungua mfumo". Na fikiria kidogo: karatasi yoyote watakayokuchapia italinganishwa na kumbukumbu za KNEC siku mtoto anapoomba chuo au kazi, na hapo kesi itakuwa yake, si yao. Njia halali zote nilizozitaja zinapitia shuleni au kwenye ofisi ya serikali, na zote hutoa risiti.

Wakati unasubiri

Usimkalishe mtoto nyumbani akitazama dari. Maombi ya KUCCPS, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, yakifunguliwa, aombe kwa gredi aliyonayo. Kuomba hakuyafuti malalamiko yenu. Mwenye C ana diploma Technical University of Mombasa pale Tudor au Kenya Coast National Polytechnic, na diploma nzuri humpeleka mtu hadi digrii baadaye. Jibu la baraza likija na habari njema, hatakuwa amepoteza kitu. Likija bila mabadiliko, atakuwa tayari na mahali pa kwenda.

Na kama leo ni wiki ya tatu tangu matokeo kutoka, umemwandikia mkuu wa shule na hujui kama barua imetumwa, usimpigie tena simu. Chukua ile nakala yenye muhuri, nenda asubuhi kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, umwonyeshe tarehe, umwombe ampigie mkuu wa shule ukiwa hapo hapo umekaa.